Ukuta Mmoja, Familia Moja

Mimi ni mtaalamu wa wilaya moja ya Wapashtuni, kule milimani ambako Pakistan inapakana na Afghanistan. Sijawahi kufika. Pasipoti sina, na mbali kabisa nilikowahi kusafiri ni Kakamega, tena kwenye mazishi. Lakini niulize paa lolote la wilaya ile na nitakwambia liko upande gani wa mto na kama mwenyewe ana miti ya matunda. Wengine husota chuo kikuu ndipo waitwe wataalamu. Mimi utaalamu wangu niliupata Kawangware, ghorofa ya juu ya bucha, kwa kuchora mistari kwenye kompyuta.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Satelaiti hupiga dunia picha, halafu mashine huambiwa izisome. Kumbe mashine hiyo, pamoja na akili zake zote zinazosifiwa redioni, haijui nyumba ni kitu gani. Lazima binadamu aionyeshe: hii nyumba, hili zizi, hayo mawe tu. Binadamu huyo awe na macho mazuri, asiwe na maswali, na mshahara wake usimkoseshe mtu usingizi. Walimtafuta dunia nzima wakatupata sisi. Wengi wetu tulitoka Kibera na Kawangware, na siku ya kwanza supavaiza, kijana wa tai nyembamba aliyeishi kwenye jengo lenye lifti na hakuacha kulitaja, alitutangazia kwamba sisi ndio kesho ya teknolojia. Chini yetu mwenye bucha alikuwa anachoma mbavu. Kesho ya teknolojia ikakaa inameza mate mpaka jioni.

Wakubwa fulani wa ng'ambo walitaka kujua wilaya ile ina familia ngapi, ili wapange shule na visima. Kwenda kuhesabu kwa miguu kulikuwa na kazi: milima, barabara mbovu, vita vilivyopita hapo, na watu wasiopenda mgeni achungulie ndani ya ukuta wao. Basi wakaamua wachungulie kutoka angani, ambako mwenye ukuta hawezi kukuuliza unatafuta nini.

Picha zikaja. Nchi ya rangi ya kahawia, mto uliokauka, vijishamba vya ngazi ngazi, na kuta. Kuta ndefu za udongo zimejenga mraba. Ndani ya kila mraba vyumba vimepangana kuufuata ukuta, katikati ua, kwenye pembe kajengo kembamba kamesimama peke yake, na nje ya geti chumba kimoja kimejitenga. Jirani yangu wa mezani, dada wa Kisumu Ndogo ya Kibera ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ndogo, aliinama akatazama skrini yangu.

"Manze, hizi si ni ploti?"

Na zilikuwa ploti kabisa. Kama hujaishi Nairobi, ploti ni vyumba vilivyozunguka ua mmoja, kila mlango na mpangaji wake, bomba moja, kamba za kuanikia nguo, na choo kimoja pembeni ambacho ndicho chanzo cha ugomvi wote wa ulimwengu. Hakuna aliyehitaji kutufundisha. Tulichora kila chumba na kukiandika familia. Kile kijengo chembamba cha kwenye pembe tukakiandika choo. Tulishangaa kidogo kuona, kwa kivuli chake, choo kirefu kuliko nyumba, lakini tukasema labda huko watu wanapenda hewa. Chumba cha nje ya geti kilikuwa cha keateka, yule mkusanya kodi wa mwenye ploti, hilo halikuwa na mjadala. Mimi binafsi nilimwonea huruma keateka wa Kipashtuni, yuko peke yake nje kwenye vumbi, bila shaka anachukiwa kama wa kwetu.

Wivu nao haukukosa. Tuliona jinsi ua wao ulivyo mpana, jua linaingia, mti upo, wala hakuna aliyebana vyumba vingine katikati ili aongeze kodi. "Landlord wa huko ameokoka," akasema dada wa Kisumu Ndogo. Sote tukakubali.

Usilolijua ni usiku wa giza. Baada ya majuma machache tuliitwa mbele ya skrini kubwa kuongea na mwakilishi wa wale wakubwa. Alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi na adabu nyingi, na kwa bahati yetu mbaya alikuwa mzaliwa wa milima ileile. Alitushukuru kwa bidii yetu. Kisha akasema taratibu kwamba kwa hesabu yetu wilaya yake ya mbuzi na ngano imejaa watu kuliko soko la jiji, na akaomba kwa unyenyekevu kujua wapangaji wote hao tumewatoa wapi.

Supavaiza alikuwa anakaza tai.

Mzee akaeleza. Ndani ya ukuta ni familia moja: babu, wanawe, wake zao, wajukuu, na mzigo wote wa shangazi. Chumba cha nje ya geti ni cha kupokea wageni. Hapo wanaume hukaa wakazungumza mambo ya kijiji, na mgeni hulishwa na kulazwa bila kuulizwa anaondoka lini. "Na huu mnara," akasema, "ambao mmeuandika choo. Babu yangu alikaa juu yake na bunduki akiwalinda watoto wake."

Dada wa Kisumu Ndogo alizama chini ya meza akajifanya anaokota kalamu. Alikaa huko hadi mazungumzo yakaisha.

Supavaiza alikasirika kama mtu aliyefumaniwa. Kesho yake karatasi kubwa ilikuwa ukutani, juu ya mtungi wa maji ya kunywa: UKUTA MMOJA, FAMILIA MOJA. Tulirudia kazi yote. Tukawafukuza wapangaji wetu wa kubuni, minara ikapata heshima yake, na yule keateka niliyemhurumia akageuka mgeni wa heshima anayekunywa chai. Mashine nayo ilikuwa inatutazama ikijifunza. Baada ya muda ikaanza kuchora yenyewe kabla hatujagusa, mstari mwekundu ukuta mzima, familia moja, na kazi yetu ikawa kuipongeza tu.

Wakati wa chakula cha mchana, kwa kuwa bucha haikuwa ya uwezo wangu, nilikuwa nakaa ngazini na simu kusoma habari za wilaya yangu. Nikakuta Mwingereza alipita huko pia. Aliwachagua wazee wa kusema kwa niaba ya kabila akawapa posho, ili wazee waelekee kwake badala ya kuelekea kwa watu. Akatunga sheria kwamba mtu mmoja akikosa, ukoo mzima unaadhibiwa na nyumba zinabomolewa. Alipoondoka, waliobaki walikuta sheria hiyo ni tamu, wakaitunza hadi juzi juzi. Nilisoma hayo nikamkumbuka chifu wetu, wazee wa mtaa, na Kibera yenyewe, ambayo Mwingereza aliwapa askari wake kwa mdomo bila karatasi, na tangu hapo kila serikali hutukumbusha kwamba hatupo kisheria. Mwingereza alikuwa fundi cherehani wa kipimo kimoja. Alishona koti moja akamvisha kila aliyekutana naye, na aliyebanwa kwapa aliambiwa ana mwili mbaya.

Jumapili nilimsimulia Mama hayo yote.

Mama anaishi Gatwekera, humo humo Kibera, kwenye ploti ya udongo na mabati, na anauza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo. Ni Mluhya. Kuuza omena kwa Wajaluo ukiwa Mluhya ni kama kumuuzia Mmasai ng'ombe, na wateja wake hawakuacha kumkumbusha. Walimwita Mama Omena, wakamwambia samaki wake wananuka mahindi, kisha wakanunua. Baba alipofariki, ndugu zake walimwonyesha Mama mpaka wa shamba, na mpaka wenyewe ulikuwa barabarani. Kwa hiyo wapangaji wenzake wanaposema "kwetu" wakimaanisha nyumbani mashambani, Mama hunyamaza. Chumba kile cha Gatwekera ndicho kwao. Kikibomolewa hana njia ya kurudi popote, na hilo aliliogopa kuliko kufa. Alinieleza mara moja tu, na aliposema alikuwa anakuna sufuria ili asinitazame.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha mzee mmoja Mjaluo, mlinzi. Yeye na Mama walikuwa hawasemezani. Kisa ni koti lake la kazi, zito kama godoro, ambalo aliliosha akalianika juu ya omena ya Mama iliyokuwa inakauka, likadondokea yote. Tangu siku hiyo walizungumza kupitia ukuta tu. Mama aliiambia sufuria yake maoni yake kuhusu watu wasio na macho, na Mzee alijibu kwa kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa na matusi yote ya Kijaluo.

"Ukuta mmoja na wakwe wote humo ndani?" Mama aliuliza nilipomaliza kumweleza juu ya Wapashtuni wangu. "Pole yao."

Ukutani Mzee akakohoa.

Haikupita muda ikaja kazi mpya. Picha hazikuwa na jina la mahali, maana wakubwa huficha majina ili sisi tusio na maswali tusije tukaanza kuwa nayo. Nilifungua ya kwanza. Mabati yenye kutu, yamebanana mpaka hujui paa linaishia wapi. Nikasogeza. Reli. Nikasogeza tena, bwawa lililojaa magugu. Nikaona kanisa la mabati ya buluu, na nyuma yake tangi jeusi. Nilikuwa naangalia paa la Mama kutoka mahali ambapo Mungu hukaa. Mashine ilikuwa imeshamaliza kazi. Mstari mwekundu umeizunguka ploti nzima, vyumba vyote, Mama na Mzee na kamba zao za nguo, na juu yake imeandika: familia moja.

Nilimwita supavaiza.

"Hii ni Kibera," nikamwambia. "Hii ni ploti. Kila mlango hapa ni watu mbalimbali."

"Umejuaje ni Kibera?"

"Nimezaliwa hapo chini ya hilo tangi."

"Guideline inasema nini?"

"Inasema ukuta mmoja familia moja. Lakini hiyo ni ya Wapashtuni!"

"Dada," akasema kwa upole wa mtu mwenye lifti, "juzi mliona familia moja mkaandika wapangaji. Tukaaibika. Leo mnaona familia moja mnataka tena kuandika wapangaji. Nyinyi mna shida gani na familia?"

Nikachora mlango kwa mlango. Kazi ikarudishwa. Nikachora tena, ikarudishwa tena, safari hii na onyo. Dada wa Kisumu Ndogo naye alichora mtaa wao mlango kwa mlango, akarudishiwa. Mwisho nilihamishwa. Kulikuwa na shamba mahali fulani duniani ambako mashine ilitaka kujifunza kuchuma nyanya, nikapewa kazi ya kuonyesha iliyoiva na isiyoiva. Huko sikupingwa hata mara moja. Nyanya hazina mtu wa kuzikanusha.

Kama nilikuwa na matumaini kwamba michoro ile ilikuwa ya mchezo, yaliisha walipokuja wapaka rangi. Gatwekera ilikuwa imesikia habari za maghorofa muda mrefu; tulizoea kuyaona ya Soweto East, upande wa pili wa Kibera, yakisimama, watu wameanika blanketi kwenye roshani, na kila mwanasiasa alituahidi yetu na kupanda gari. Sasa vijana wakaja kweli na tableti na makopo ya rangi. Hawakuingia uani. Walitazama tableti, wakatazama geti, wakaandika namba moja kwenye bati la geti, wakaenda zao. Ploti yetu nzima, namba moja. Ya jirani, namba moja. Zile nyumba chache za watu wenye nafasi zao, mtu na mke na mbwa, nazo namba moja.

Keateka ndiye aliyetufafanulia. Ni mtu mwembamba mwenye funguo nyingi, na siku hiyo alikuwa na furaha ya kupindukia. Namba ni nyumba moja kwenye maghorofa mapya, akasema, ni ya mwenye ploti, na mwenye ploti atakuja kuichukua. Sisi wengine tuanze kutafuta vyumba mahali pengine, ploti itabomolewa. Mwenye ploti hakuna aliyewahi kumwona. Tulimjua kwa kodi kupanda, kama watu wengine wanavyomjua Mungu kwa radi.

Lakini zoezi lilikuwa na sharti lake. Nyumba ilikuwa ya wanaoishi pale, si ya mwenye bati. Namba moja ni familia moja. Familia ije yenyewe kwa chifu ihakikiwe. Wakitokea watu wa mabishano, huyu anasema yangu, yule anasema yangu, namba inafutwa. Ploti mbili za jirani zilishakwenda zikipiga kelele, zikarudi hazina kitu. Zilikuwa zinasema ukweli mtupu, kwamba kila mlango ni kivyake, na ukweli huo ndio uliozimaliza.

Wapangaji walikaa uani Jumapili. Mama alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Msusi wa chumba cha mwisho, msichana Mkamba, alikuwa ananyonyesha mtoto wake mchanga, analia bila sauti. Mzee alikaa mlangoni kwake na lile koti. Kila mtu alieleza kwa nini yeye ndiye anayestahili, na kila mtu alikuwa na haki, na hapo ndipo penye ubaya.

Mama akaweka ungo chini. "Wewe," akaniambia. "Wale watu wako wa milimani. Mkubwa wa ukuta ni nani?"

"Babu. Mzee wa wote."

"Na wengine?"

"Wana, wake, wajukuu. Na mgeni akija ana chumba chake getini."

Mama akawatazama wote. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ajali ya omena, akageuza uso wake kwa jirani yake moja kwa moja. "Baba watoto," akamwambia, "umeshindaje?"

Mzee alilikunja lile koti magotini. Akakohoa, lakini kikohozi hiki hakikuwa cha Kijaluo. "Vizuri, mama," akasema. "Nimeshinda vizuri."

Ua ukaangua kicheko. Msusi mwenyewe alicheka mpaka mtoto akaachia titi.

Hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyoanzishwa. Watu waliokuwa wakihesabiana mitungi kwenye bomba, watu waliowahi kupelekana kwa chifu kwa sababu ya pini za kuanikia nguo, wakaanza kuitana ndugu. Watoto walifundishwa kusema "babu" na "nyanya." Fundi wa kuchomelea mageti aliambiwa yeye ni mtoto wa kwanza, akaanza mara moja kutoa amri. Msusi akawa mke wa mtoto wa pili, aliye Mombasa, ambaye hajawahi kuwapo. Hata keateka, alipogundua kwamba mwenye ploti hajibu simu zake na ploti ikivunjwa hata chumba chake cha getini kinakwenda, alikuja jioni moja kwa aibu, akauliza kwa sauti ya chini kama ukoo umejaa. Mama alimwambia atakuwa shemeji. Nilisema ni ukatili kwa familia yoyote kupewa shemeji kama huyo. Nikaambiwa ninyamaze, mimi nilishahamia Kawangware.

Nilikwenda nao kwa chifu siku ya kuhakikiwa. Nilikuwa na sababu yangu. Nilikuwa nimeshamwambia landlord wangu kwamba mwisho wa mwezi nahama, ninarudi kukaa na mama yangu kwenye nyumba yenye dirisha. Mimi ndiye mtoto wake wa kuzaa, wa pekee. Kitambulisho ninacho, jina la baba ninalo, na pua yangu ni pua yake. Hata kipofu angenihakiki. Katika ukoo mzima wa uongo mimi ndiye niliyekuwa ukweli, kwa hiyo nilisimama mwisho wa foleni bila wasiwasi.

Afisa alikuwa msichana wa umri wangu, amevaa fulana ya mradi, na macho yake yalikuwa yamechoka. Alitazama tableti, akatazama kundi lililokuwa mbele yake.

"Hii yote ni familia moja?"

"Moja," akasema Mama.

"Mzee ni Mjaluo. Wewe mama ni Mluhya. Huyu Mkamba. Huyu fundi sijui hata ni nani. Familia gani hii?"

"Kwani nyinyi kwenu mnaoana ndugu kwa ndugu?" Mama akamuuliza.

Foleni nyuma yetu ikacheka. Afisa naye alitaka kucheka akajizuia. Alijua. Kila mtu mahali pale alijua. Lakini tableti yake ilisema familia moja, na ana kazi ya kulinda kama mimi nilivyokuwa na nyanya zangu. Akaanza kubonyeza.

"Sistemu inataka mwenye nyumba mmoja," akasema. "Mmoja tu. Nyumba ni vyumba viwili, kwa jina lake mpaka afe. Wengine ni wategemezi. Mtegemezi ana ruhusa ya kukaa. Asiyeandikwa, askari wa geti hatamruhusu kulala humo."

Hatukuwa tumejua hilo. Tulidhani familia kubwa itapewa nyumba kubwa, au mbili. Kumbe ni vyumba viwili na jina moja. Nikaona nyuso zinabadilika. Fundi alisogea mbele nusu hatua. Msusi alimbana mtoto kifuani. Niliwaza, basi, ukoo umekwisha, sasa tutasikia kila mtu akisema yangu, na namba itafutwa, na Mama atarudi kukuna sufuria kwenye chumba kinachongoja tingatinga.

Mzee ndiye babu. Jina lilikuwa lake kwa sheria zote, za milimani na za kwa chifu. Afisa alishanyoosha mkono kupokea kitambulisho chake. Mzee alikishika, hakukitoa.

"Andika huyu mama," akasema.

"Wewe ndiye mume, mzee."

"Mimi niko na dala, boma huko kwetu. Nyumba yangu iko, kaburi la baba yangu liko. Hawa wote wako na mahali. Huyu mama hana." Akakohoa. "Andika yeye."

Afisa aliwatazama wengine. Fundi alirudisha ile nusu hatua yake. Akasema, "Andika." Msusi akasema andika. Keateka, ambaye siku zote nilimwona kama adhabu ya Mungu, alisema andika kwa sauti kubwa kuliko wote. Nami nilikuwa nimewacheka watu hawa miezi yote, ukoo wao na maigizo yao, nikasimama pale nalia kwenye kiwiko cha sweta.

Mama hakulia wala hakushukuru. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa akasema, "Sasa andika wategemezi. Wote. Mmoja mmoja."

Wakaandikwa. Mzee, mume. Fundi, mtoto. Mke wa fundi, mkwe. Watoto wa fundi, wajukuu. Msusi, mkwe. Keateka, shemeji, na hapo afisa alifumba macho kidogo kama mtu anayeomba nguvu. Foleni nyuma yetu ilianza kupiga miluzi. Mama alikuwa anataja majina kamili, ya baba na ya babu, ya watu ambao nilidhani hawajui hata wanaitwaje. La Mzee alilitaja lote bila kusita, na la kijiji chake pia.

Afisa alibonyeza, akasita. "Sistemu imebakisha nafasi moja," akasema.

Tulikuwa tumebaki wawili. Mimi, na mtoto wa msusi, aliyekuwa amelala mdomo wazi na hajui kwamba anahesabiwa.

Mama alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kuanzia viatu hadi nywele, kama alivyokuwa akinitazama asubuhi za shule. Nilijaribu kutabasamu ili nimrahisishie, kisha nikaona kwamba hahitaji kurahisishiwa.

"Andika mtoto," akasema.

"Na huyu dada ni nani?"

"Huyo ni wa Kawangware. Ametusindikiza."

Iliniuma. Sitasema haikuniuma. Afisa alitazama pua yangu, akatazama pua ya Mama, na akaelewa yote. Akaniomba kwa upole nisogee kando, familia ipigwe picha.